Bomba la Kiyoyozi Lililonipeleka Sengerema

Washikaji, mmenichosha. Tangu nirudi shuleni kila mtu ana toleo lake. Kuna anayesema nilikamatwa na gongo. Kuna anayesema nilitorokea Geita kuchimba dhahabu nikarudi na kaptula tu. Yule wa dawati la nyuma anaapa kwamba nilipelekwa kuozwa. Basi nawaandikia mara moja, msomeane, mkimaliza mnirudishie daftari langu likiwa na kurasa zote.

Kwanza, sabuni

Mshua alipunguzwa kazi kule kiwanda cha pamba, kipindi kile viwanda vilipokuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Kiinua mgongo akakinunulia gari la mtumba kutoka Japani, akaanza teksi. Gari lilikuja na vitu viwili ambavyo hatukuviomba: karatasi ya Kijapani iliyobandikwa kwenye kioo, ambayo mpaka leo hatujui inatuonya nini, na AC inayofanya kazi. Kiyoyozi, kama mwalimu wetu wa Kiswahili anavyotaka.

Nyumbani tuko wawili tu. Mama alifariki nikiwa darasa la sita, na dada yangu ameolewa Shinyanga. Baba si mtu wa maneno. Anaweza kumaliza ugali wote na usisikie kitu ila maji ya kunawa. Lakini jioni, akishamaliza kazi, alikuwa analiegesha gari uani kwetu Buzuruga, anapandisha vioo, anawasha AC, halafu ananigongea kioo niingie. Humo ndani Baba alikuwa anaongea. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu majirani hawasikii. Kwetu hata ukikohoa kuna mtu atakuuliza unatumia dawa gani. Humo ndimo alimonisimulia alivyomwona Mama mara ya kwanza, kwenye foleni ya kupima pamba, akigombana na mwenye mizani mpaka mizani ikarekebishwa. Robo saa hivi, halafu anazima ili kuokoa petroli, anashuka, anakuwa bubu mpaka kesho yake. Majirani walisema Mzee anachoma mafuta ili ale baridi.

Siku moja nikaona maji yanadondoka chini ya gari. Tone, tone, kutoka kwenye kimpira nyuma ya injini. Nikajua AC inavuja. Na dawa ya kitu kinachovuja Mwanza nzima inaijua: sabuni ya mche. Madereva wa malori wanafika hadi Bukoba tangi la dizeli limezibwa kwa sabuni. Nikakata kipande, nikakikanda kwa mate, nikaziba. Tone likakoma. Nilijiona injinia.

Siku ya tatu, abiria mmoja aliyevaa viatu vya harusini alishuka miguu imelowa. Maji yalikuwa yamejaa chini ya kapeti. Baba akaniuliza kama nilishika kitu. Nikasema hapana. Kisha, ili nirekebishe kabla hajagundua, Jumapili alipokwenda kanisani nikafungua boneti, nikalifuata bomba la AC kwa kidole, nikalegeza nati.

Psssssssss! Moshi mweupe, vidole vikaganda, mbwa wa jirani akapitia chini ya uzio. Ile sauti ilipoisha, baridi yote ya Japani ilikuwa imeshakwenda zake hewani.

Baba hakunipiga. Aliitazama ile sabuni, akaitazama nati, akanitazama mimi, akaingia ndani. Wiki tatu baada ya hapo, jioni analiegesha gari, anashuka, anafunga mlango. Nikimwambia shikamoo ananijibu "Mm." Nilijaribu vichekesho vyangu vyote, hata kile cha mwalimu wa zamu na nyuki, mnachokijua. Mm.

Mwisho wa likizo, asubuhi ya Ijumaa, nikalikuta lile bomba mezani limefungwa kwenye gazeti, na nauli pembeni. Baba akasema, "Fundi Hasani. Sengerema. Akalichomelee."

Maneno manne. Nilitoka mbio kabla hajayarudisha.

Buzuruga hadi Usagara, na bosi wetu

Baba alikuwa amenitafutia lifti kwenye lori la Mzee Shija, dereva mnene anayebeba marobota ya nguo za mitumba. Nilidhani nitakaa mbele.

"Mbele kuna mtu," akasema Mzee Shija. "Panda juu ya mzigo."

"Mbona simwoni?"

"Tunamchukua Usagara. Ni bosi. Usiulize maswali mengi, Mayala."

Nikapanda juu. Usagara tukafika bado mapema, tukamsubiri bosi. Saa moja. Mbili. Karibu tatu. Magari ya Shinyanga yanapita huku, ya Sengerema kule, sisi tumeganda kwenye njia panda kama mnara. Nikanunua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikawa natafuna peke yangu kule juu. Jina langu kwa Kisukuma ni la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa, na siku ile nililitendea haki.

Hatimaye bosi akaja. Beberu. Mweusi, mwenye ndevu, anavutwa na vijana wawili, anapelekwa ukweni kwa Mzee Shija kule Busisi.

"Shikamoo, bosi," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee Shija alikuwa anamtandikia gunia kwenye kiti. Ndipo nilipogundua kwamba kichekesho kikitoka halafu hakuna wa kukipokea kinakurudi tumboni kama gesi. Beberu akapandishiwa kioo nusu asije akaruka, mimi nikaendelea juu na upepo, na vumbi, na robota moja lililopasuka linalotoa mkono wa koti la baridi. Koti zito, la watu wa theluji. Tulikwenda tumeshikana mikono, mimi na lile koti, mpaka Kigongo.

Kigongo, kwenye foleni ya kivuko

Foleni ya magari ilikuwa imepanda kilima. Mzee Shija akazima injini, akalala. Bosi naye akalala. Nikashuka kutafuta chakula.

Pale ufukweni kulikuwa na bibi mmoja ana karai la mafuta, anakaanga mapanki. Mnayajua: mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya. Samaki anasafiri kuliko mimi.

"Mwadila, Bibi."

"Mwadila, mjukuu wangu. Kisukuma chako kinaishia hapo hapo, eeh?"

"Kinaishia hapo hapo, Bibi."

"Kaa ule. Hicho ulichobeba ni nini?"

Nikafungua gazeti kidogo. Bomba la kung'aa, limepinda hapa, limepinda pale, kila ncha ina nati. Bibi akaliangalia, akaangalia kushoto na kulia, akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya ugoro.

"Mama yako anapika ngapi kwa siku?"

"Anapika nini, Bibi?"

"Aah, hebu funika."

Nilikuwa bado sijaelewa, mgambo akafika. Kijana mrefu, kofia kubwa, kirungu.

"Wewe! Leta hilo bomba."

"Ni la AC, afande."

"La nini?"

"Linaleta baridi kwenye gari."

"Kwani gari lina homa?" Akalinusa. Ncha ya kwanza, ncha ya pili. Akafumba macho, akanusa tena, kama mtu anayeikumbuka nyumba yake ya zamani. "Hili ni bomba la gongo. Linapita kwenye pipa la maji, mvuke unakuwa pombe. Unanifundisha mimi?"

"Afande, gongo ingekuwa na harufu."

"Umejuaje harufu yake?"

Kilichoniokoa ni Mzee Shija kuamka na kupiga honi kwamba foleni inasogea. Mgambo akanirudishia bomba huku akiukariri uso wangu. Tulivuka machweo yakiwa yameshaanza. Kwenye kivuko watu walijikusanya makundi makundi, kila kundi na habari zake. Mimi nilisimama kwenye ukingo, nimelikumbatia bomba, nikahesabu ndege weupe hadi nikachoka.

Sengerema, mlango wenye kufuli

Nililala Busisi kwenye lori, na asubuhi ya Jumamosi nikafika kwa Fundi Hasani. Kufuli.

"Ameenda msibani," akasema mama wa duka la jirani. "Kesho atakuwepo."

Kesho yake akasema kesho. Siku mbili, washikaji. Mji mzima unakwenda sokoni, unakwenda kanisani, unakwenda kuwaona wagonjwa, na mimi nimekaa kwenye kibaraza kati ya mafriji mawili mabovu. Moja nililiita Kulwa na lingine Doto, majina ya mapacha, nikawa nawasimulia. Doto alikuwa msikilizaji mzuri. Mlango wake ulikuwa haufungi, kwa hiyo alionekana kama ameshangaa muda wote. Jumapili jioni nikajikuta namwambia Doto habari ya Mama na mizani ya pamba. Nikaisahau ile sehemu ya mwisho. Mama alimwambia nini yule mwenye mizani? Baba alikuwa ameshanisimulia mara mbili, nikawa sikumbuki, na sikuwa na wa kumuuliza. Nikaingia gesti, nikalala na viatu.

Jumatatu, nyie mkiwa mnafyeka nyasi za kufungulia shule, Fundi Hasani akaja. Mzee wa Kihindi, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia shikamoo. Akaniitikia marahaba, kisha akanimiminia Kisukuma cha dakika nzima.

"Sijaelewa, Mzee."

"Msukuma gani wewe? Mimi babu yangu alikuja kuuza chumvi, na nimekushinda. Leta bomba."

Akaziba ncha moja kwa kidole gumba, nyingine akaiunga kwenye pampu ya baiskeli, akalizamisha kwenye beseni la maji. "Piga pampu." Nikapiga. Tukasubiri povu. Hakuna. "Piga tena." Hakuna hata moja.

"Bomba zima," akasema. "Uliona nini mpaka ukasema linavuja?"

"Maji, Mzee."

"Maji meupe? Safi? Yanadondoka gari likiwa limewashwa AC?"

"Ndiyo."

"Ukafanya nini?"

Nikamwambia habari ya sabuni. Akavua miwani. Alicheka bila sauti, mabega tu yanaruka, mpaka akalazimika kumshika Kulwa asianguke.

"Kijana, ukinunua soda ya baridi, chupa si inatoa jasho? Je, soda inavuja? Hayo maji ni jasho la AC. Lazima yatoke. Wewe ukayazibia mlango, yakaingia sebuleni. Kitu kilikuwa kizima! Umeharibu ulipofungua nati. Gesi ndiyo imekwenda."

Siku nyingine ningelicheka hilo kwa wiki nzima. Pale nilitazama beseni tu. Fundi akaacha kucheka. Akauliza gari ni la nani, na kwa nini nauli yote hii kwa ajili ya baridi, wakati teksi nyingine za Mwanza zinashusha vioo na maisha yanaendelea. Nikamwambia. Sio yote, kiasi cha kwamba Baba anakaa humo jioni, na kwamba siku hizi hakai.

Fundi akavaa miwani yake. "Wanangu wote wako Kanada," akasema. "Huko baridi ya bure, iko nje mlangoni. Wananiambia, Baba, njoo. Nikafanye kazi gani huko?" Akainuka. "Njoo ushike hapa."

Siku nzima akanifundisha. Pete za mpira kwenye maungio: toa za zamani, weka mpya, paka mafuta yake, kaza kwa kiasi, usikaze kama unanyonga mtu. Kisha akamtoa Doto kompresa, lile dude jeusi la mviringo la nyuma ya friji. "Friji lilishakufa, lakini hii bado inavuta pumzi. Ukiiunga hapa inanyonya hewa yote na unyevu kwenye mabomba. Nusu saa. Usipofanya hivyo gesi yako kazi bure." Akanipa kopo la gesi, akaniazima saa ya kupimia gesi, yenye mirija miwili ya mpira. "Na sabuni," akasema, "mazoea yako hayo. Koroga povu, paka kwenye maungio gesi ikishaingia. Povu likivimba, hapo ndipo panapovuja. Sabuni ni ya kuulizia, kijana, si ya kuzibia."

Tulikula wawili, dengu na ugali, redio ikisoma matangazo ya vifo. Hakunitoza ufundi. Alisema saa yake ataifuata mwenyewe.

Kigongo tena, na mtambo wangu

Jumanne nikavuka kurudi, kompresa kwenye kikapu, bomba begani. Nikakanyaga Kigongo, na nani amesimama pale? Kofia kubwa.

"Haa!" akasema. "Ijumaa bomba. Leo umeleta na chungu chake!"

Watu wakajaa. Nikaeleza friji, nikaeleza AC, nikaeleza jasho la chupa ya soda. Kadiri ninavyoeleza ndivyo inavyozidi kufanana na gongo. Mgambo akainamisha kompresa, mafuta meusi yakatoka, akasema hayo ndiyo masimbi, machicha ya gongo. Akaniketisha chini. Lori la mwisho nililokuwa nimeahidiwa likapanda kilima, likaenda.

Ndipo yule bibi wa mapanki akaja akijifuta mikono. Akaizunguka kompresa mara moja, akaigonga kwa mwiko.

"Mwachie mtoto. Hiki hakipiki gongo. Chungu cha gongo kina mdomo mpana, kifuniko kinazibwa kwa udongo, na bomba linaingilia pembeni, siyo juu. Hiki utamimina wapi?"

Mgambo akamgeukia taratibu.

"Bibi. Umeyajuaje yote hayo?"

Bibi akatazama ziwa. "Nilisimuliwa," akasema.

Pale watu walivyocheka, hata mgambo alishindwa kuishika sura yake. Nikaachiwa. Bibi akanipa panki la bure na kunisukuma kwenye pikapu ya mtu wa mahindi kabla mgambo hajauliza swali la pili. Njia nzima nilitamani pawe na mtu pembeni nimwambie, "Umemsikia? Nilisimuliwa!" Kulikuwa na magunia.

Uani kwetu

Jumatano ndipo tulipolifunga bomba. Baba alisoma maelekezo ya Fundi, aliyoyaandika nyuma ya boksi la sigara, akayasoma tena, akavua saa ya mkono. Kazi yenyewe inahitaji watu wawili, kwa hiyo akalazimika kusema. "Shika." "Lete spana kumi na saba." "Siyo hiyo." Kwanza akanipa msumari nikaizibue ile sabuni mwenyewe, nikiwa nimelala chini ya gari. Maji yaliyolala wiki nne yakanishukia usoni. Nikasikia kama Baba amecheka kule juu. Labda alikohoa tu.

Tukabadilisha pete, tukarudisha bomba, tukaunga kompresa kwa waya kutoka dirishani. Ikaunguruma, mshale wa saa ukaanza kushuka. Dakika ya kumi na mbili umeme ukakatika. Baba akafunga koki haraka, tukakaa kwenye ndoo mbili kuutazama mshale kama unaweza kutoroka. Haukupanda. Ulivyokaa vile vile Baba akaitikia kwa kichwa mara moja. Umeme uliporudi saa tisa tukaanza upya, tukamaliza, tukaingiza gesi. Nikapaka povu kila ungio. Tukainama, vichwa vimegusana. Povu la kwanza, tulivu. La pili, tulivu. La tatu likavimba kidogo, Baba akakaza robo, likatulia.

Akaingia, akawasha injini, akapandisha vioo. Mimi nikabaki nje nakusanya spana, nazikusanya polepole sana, nazihesabu. Niliangalia kila kitu isipokuwa kile kioo.

Mlango wa upande wangu ukafunguliwa kutoka ndani.

Ilikuwa baridi. Si kama ile ya zamani, lakini baridi. Tukakaa. Nilikuwa na vichekesho saba nimevipanga tangu Kigongo, hakuna hata kimoja kilichotoka.

"Fundi alisemaje?" akauliza.

"Alisema bomba lilikuwa zima, Baba. Lilikuwa halivuji tangu mwanzo. Yale maji ni jasho lake. Mimi ndiye niliyeliharibu. Na nilikudanganya uliponiuliza."

"Najua."

"Umenikasirikia."

Akafuta kioo cha mbele kwa kiganja, mahali ambapo palikuwa pasafi. "Siku mbili tatu za mwanzo, ndiyo," akasema. "Baada ya hapo hapana. Nilikuwa nikikuona mezani nataka kusema, sijui nianzie wapi. Humu nilikuwa nimeshazoea."

Nikamuuliza Mama alimwambia nini yule mwenye mizani. Akanigeukia. "Umesahau?" Akanieleza, na hiyo siwaandikii, ni yetu. Kisha akasema, "Haya, safari. Anzia Usagara. Shija alichelewa nini?"

Nikaanza. Nilipofika kwa bosi kufungiwa kioo, injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Mshale wa petroli ulikuwa umelala. Feni ikanyamaza, na ule ubaridi ukaanza kuondoka humo ndani, kidogo kidogo, jua la saa kumi likipiga bati la gari.

"Endelea," Baba akasema. "Beberu kakaa mbele, wewe juu?"

Nikaendelea. Tukafika Kigongo, jasho linamtiririka puani, shati limenigandia mgongoni, na anauliza huyo bibi alisema nini hasa, rudia. Mkono wangu ulikuwa juu ya kishikio cha kushushia kioo. Sikukizungusha. Na yeye cha kwake hakukigusa.